Pia Sundhage: mfungaji aliyegeuka fundi wa kukaba

Tarehe 6 Agosti 2016, kwenye Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, timu ya wanawake ya Uswidi ilifungwa na wenyeji Brazil mabao 5-1. Siku kumi baadaye timu hizo hizo zikakutana tena kwenye nusu fainali, safari hii Maracanã, mbele ya umati uliokuja kumshangilia Marta, mshambuliaji nyota wa Brazil. Dakika 90 zikaisha 0-0, za nyongeza nazo 0-0, kisha Uswidi ikashinda kwa matuta 4-3. Kocha alikuwa yule yule, na wachezaji walitoka kwenye orodha ile ile ya watu 18.

Kocha mwenyewe ni Pia Sundhage. Tangu wiki ile watazamaji wengi wanamjua kama kocha wa kupaki basi, yaani wa kurundika wachezaji nyuma kulinda goli. Lakini ukifungua kumbukumbu za enzi zake za uchezaji unakutana na mtu mwingine: mshambuliaji aliyeichezea Uswidi mechi 146 na kuifungia mabao 71. Ukienda Marekani, alikofundisha kati ya 2007 na 2012, watakwambia habari nyingine tena, kwamba aliwafunza wachezaji wao kutulia na mpira na kupigiana pasi katikati ya uwanja badala ya kuupeleka mbele kwa nguvu. Mfungaji, mwalimu wa pasi, mpaki basi: ndiyo maana kila mjadala kuhusu Sundhage huishia kwenye mabishano, kwa kuwa kila mtu anamzungumzia Sundhage wa nchi yake na wa mwaka wake. Mimi naona ni mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na kinachomfunga pamoja kinaanzia kwenye namna alivyoujua mpira akiwa mchezaji.

Alizaliwa tarehe 13 Februari 1960 katika mji mdogo wa Ulricehamn, kusini mwa Uswidi. Wakati huo msichana aliyetaka kucheza kandanda hakuwa na timu ya kwenda. Ili acheze na wavulana, kocha wao alimwambia ajiite Pelle, jina la kiume, na Pia akakubali. Timu ya taifa ya wanawake ya Uswidi ilicheza mechi yake ya kwanza kabisa mwaka 1973, dhidi ya Ufini. Miaka miwili tu baadaye, akiwa na umri wa miaka 15, Sundhage alikuwa ndani ya jezi hiyo. Kwa hiyo hakuikuta nyumba ikiwa imejengwa. Alikuwa miongoni mwa waliobeba matofali.

Alipita Falköping, Jitex, Öster, akaenda Lazio ya Italia mwaka 1985, na akamalizia Hammarby ya Stockholm. Jina lake hasa lilikwenda mbali kwa sababu ya mwaka 1984. Ulaya ilikuwa inaandaa mashindano yake ya kwanza rasmi ya timu za taifa za wanawake, na fainali ilichezwa kwa mechi mbili, nyumbani na ugenini, kila kipindi kikiwa cha dakika 35 tu. Kule Göteborg, Uswidi iliifunga Uingereza 1-0, na bao likafungwa na Sundhage kwa kichwa. Marudiano yalikuwa Luton, kwenye uwanja uliogeuka tope kwa mvua. Uingereza ikashinda 1-0, mechi ikaenda kwenye penalti, na ya mwisho, ile ya kutwaa kombe, akapewa Sundhage. Akafunga. Mwaka 1988 Posta ya Uswidi ikatoa stempu yenye picha yake, heshima ambayo mwanasoka wa kike wa enzi hizo hakuwa akiitarajia hata ndotoni.

Kombe la Dunia la kwanza la wanawake, China 1991, lilimkuta bado yumo. Kwenye robo fainali dhidi ya wenyeji, mbele ya uwanja uliofurika, alifunga dakika ya 3 na Uswidi ikalilinda bao hilo hadi mwisho. Hapo pana jambo ambalo naomba msomaji alishike: mfungaji huyu alijua vizuri sana ladha ya kufunga mapema, kisha kukaa dakika 77 nyuma ya mpira, maana mechi za mashindano yale zilikuwa za dakika 80. Uswidi ilimaliza ya tatu kwa kuifunga Ujerumani 4-0, na yeye tena akiwamo kati ya wafungaji. Alistaafu mwaka 1996 baada ya Olimpiki ya Atlanta, na katika miaka hiyo yote hakuwa wa kusubiri mpira golini tu. Alicheza mbele, akacheza kiungo, akarudishwa hata nyuma kabisa kama beki wa mwisho.

Uzoefu huo wa nafasi nyingi ni nusu ya jibu. Nusu ya pili ni Uswidi yenyewe. Katikati ya miaka ya 1970, makocha wawili vijana kutoka Uingereza, Bob Houghton na Roy Hodgson, walifika kufundisha Malmö na Halmstad. Kabla yao, timu nyingi za Uswidi zilikaba mtu kwa mtu na kumwacha beki mmoja wa akiba nyuma. Hawa wakaleta 4-4-2 ya kukaba kwa eneo: mistari miwili ya watu wanne, inayosogea pamoja kufuata mpira, kulia na kushoto, mbele na nyuma, bila kufuatana na mshambuliaji anapotangatanga. Ni kazi ya wavuvi wanaovuta juya. Mmoja akilegeza kamba, samaki wote wanapita upande wake. Halmstad wakawa mabingwa wa Uswidi mwaka 1976, Malmö wakafika fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 1979, na Sven-Göran Eriksson akautumia mfumo huo kuipa IFK Göteborg Kombe la UEFA mwaka 1982. Wapo Waswidi waliouchukia mpira ule wakisema unaua vipaji. Lakini hiyo ndiyo hewa ambayo kizazi cha Sundhage kiliivuta, na makocha wa wanawake wa Uswidi wamesomea humo.

Ukocha aliuanza akiwa bado anacheza, Hammarby, mwaka 1992. Baada ya hapo alizunguka kama fundi asiye na karakana ya kudumu: Vallentuna, AIK, kisha msaidizi huko Philadelphia kwenye ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani. Mwaka 2003 alipewa Boston Breakers na kuchaguliwa kocha bora wa ligi. Mwezi Septemba mwaka huo huo ligi nzima ikafa kwa kukosa fedha, siku chache kabla ya Kombe la Dunia lililochezwa Marekani kwenyewe. Akaenda Kolbotn ya Norwei, akarudi nyumbani kufundisha Örebro, na mwaka 2007 alikuwa China kama msaidizi wa Mswidi mwenzake Marika Domanski-Lyfors. Wanaume wenye wasifu kama wake hawakulazimika kuhama hivyo. Kwa wanawake kazi zilikuwa chache na za muda mfupi, na anayezitaka ilibidi azifuate zilipo.

Kombe la Dunia la 2007 huko China ndilo lililobadilisha maisha yake, ingawa kwa mlango wa nyuma. Marekani walifika nusu fainali bila kupoteza mechi, na huko wakapangiwa Brazil. Kocha wao Greg Ryan akamweka benchi kipa Hope Solo, ambaye alikuwa ametoka kucheza mechi tatu mfululizo bila nyavu zake kutikiswa, na kumpanga mkongwe Briana Scurry. Brazil wakawatandika 4-0. Solo akatamka hadharani kwamba mipira ile yeye angeiokoa, na wenzake wakakasirika kiasi cha kumtenga na timu. Mkataba wa Ryan haukuongezwa, licha ya kwamba katika mechi 55 alikuwa amepoteza hiyo moja tu. Shirikisho likampa kazi Sundhage mwezi Novemba 2007.

Alichokikuta hakikuwa tatizo la mfumo. Ni chumba cha kubadilishia nguo kilichojaa watu wasiosalimiana. Kwenye kikao cha kwanza alichukua gitaa na kuwaimbia wimbo wa zamani wa Kimarekani unaohusu nyakati kubadilika, kwa Kiingereza chenye lafudhi nzito ya Kiswidi. Kuhusu Solo hakuwataka wasahau. Aliwauliza kama wanataka kushinda, akawaambia anayetaka kushinda anahitaji kipa. Wengi wamelisimulia tukio hilo la gitaa kama kituko cha kupendeza. Kwangu lina uzito zaidi: mgeni ambaye hakuwa na upande katika ugomvi ule alijiweka mbele yao akiwa hana kinga yoyote, na baada ya hapo ikawa vigumu kwa yeyote kuendelea kununa.

Uwanjani alitaka mpira upite kwenye viungo. Marekani walikuwa na mbio na nguvu kuliko karibu kila timu duniani, na kwa miaka mingi hilo lilitosha. Yeye aliona wengine wanawafikia. Wiki tatu kabla ya Olimpiki ya Beijing 2008, mfungaji wao mkuu Abby Wambach alivunjika mguu kwenye mechi ya kirafiki na Brazil, na mechi ya kwanza ya mashindano wakalala 2-0 mbele ya Norwei. Timu iliyokosa mtu wa kumrushia mipira mirefu ikalazimika kuzitumia pasi ilizofundishwa. Walifika fainali, wakakutana na Brazil tena, Solo akiwa golini, na bao la Carli Lloyd katika muda wa nyongeza likaleta dhahabu.

Kombe la Dunia la 2011 nchini Ujerumani lilimpa mechi ambayo watu hawaisahau. Robo fainali mjini Dresden, dhidi ya Brazil, Marekani wakiwa kumi baada ya kadi nyekundu na nyuma kwa 2-1, Megan Rapinoe alipiga krosi kutoka kushoto dakika ya 122 na Wambach akaiweka wavuni kwa kichwa. Wakashinda kwa matuta. Fainali waliongoza mara mbili dhidi ya Japani, wakarudishiwa mara mbili, na wakapoteza kwa penalti 3-1. Mwaka uliofuata, London 2012, walitoka nyuma mara tatu dhidi ya Kanada kwenye nusu fainali na kushinda 4-3 katika dakika za mwisho kabisa za muda wa nyongeza, kisha wakalipa deni lao kwa Japani 2-1 mbele ya watu 80,203 Wembley. Mabao yote mawili yalifungwa na Lloyd, mchezaji ambaye Sundhage alikuwa amemwondoa kwenye kikosi cha kwanza kabla ya mashindano na kumrudisha baada ya Shannon Boxx kuumia mapema katika mechi ya ufunguzi. Aliondoka akiwa na ushindi 91, sare 10 na vipigo 6, na FIFA ikamtangaza kocha bora wa soka la wanawake wa mwaka 2012.

Hadi hapo hakuna anayemwita mpaki basi. Basi hilo lilitoka wapi?

Lilitoka nyumbani, na halikuja mara moja. Uswidi aliyoikabidhiwa mwishoni mwa 2012 ilianza kwa kushambulia. Kwenye Euro 2013, mashindano ya mataifa ya Ulaya, wakiwa wenyeji, walifika nusu fainali na kufungwa na Ujerumani 1-0. Kombe la Dunia la 2015 likawa aibu: walitangulia mara mbili dhidi ya Nigeria na mara mbili wakarudishiwa, mechi ikaisha 3-3, wakatoka sare mbili nyingine, na Ujerumani wakawafunga 4-1 katika hatua ya 16 bora. Kwenye kundi la Rio waliifunga Afrika Kusini 1-0 kwa taabu, wakala zile 5-1, wakatoka 0-0 na China. Anayedhani Sundhage alipanda ndege kwenda Rio akiwa na imani ya kukaa nyuma anasahau hizo 5-1. Siku ile Uswidi waliacha nafasi kubwa kati ya mabeki na viungo, na Brazil hawakuhitaji zaidi.

Sasa tazama hesabu aliyokuwa nayo mezani. Olimpiki inaruhusu wachezaji 18, wawili wao makipa, yaani watu 16 wa kukimbia. Mechi sita kwa siku 17 kama ukifika fainali, kwenye joto la Brazil. Robo fainali, tarehe 12 Agosti mjini Brasília, mpinzani ni Marekani, mabingwa wa dunia, timu yenye Alex Morgan, Lloyd, Rapinoe na Solo. Hawa wote aliwafundisha yeye mwenyewe. Alijua Morgan anauawa na nini: kunyimwa uwazi nyuma ya mabeki. Mshambuliaji wa mbio asipopata uwazi wa kukimbilia anabaki kupokea mpira akiwa amelipa goli mgongo, na hapo nusu ya thamani yake imekwisha. Mtu aliyefunga mabao 71 hakuhitaji kuambiwa hilo na mchambuzi. Hapo ndipo naona mfungaji na mkabaji wanapokutana ndani yake: anakaba kwa kuwaza mshambuliaji anachukia nini.

Akashusha mistari yote miwili karibu na boksi, akambakiza mtu mmoja mbele. Dakika ya 18 Fridolina Rolfö akaumia, akaingia kijana Stina Blackstenius. Dakika ya 61 Lisa Dahlkvist akatoa pasi iliyopasua katikati, Blackstenius akakimbia peke yake na kumfunga Solo. Morgan alisawazisha, lakini kwenye matuta kipa Hedvig Lindahl akaipangua penalti ya Morgan mwenyewe, Christen Press akapaisha, na Dahlkvist akafunga ya mwisho baada ya Solo kumchelewesha kwa kubadilisha glovu. Baadaye Solo aliwaita Waswidi kundi la waoga. Sundhage akajibu kwamba uoga si neno ukishinda.

Kauli ya Solo ilizunguka dunia na ndiyo iliyomgandisha Sundhage kwenye picha ya basi. Binafsi naiona haikuwa ya haki. Kukaba kwa dakika 120, siku nne baadaye ukakaba tena dakika 120 Maracanã, kunahitaji ujasiri wa aina yake, maana kila mtu anaona unavyoteseka na kosa moja linafuta kazi yote. Fainali walipoteza 2-1 kwa Ujerumani. Hata hivyo kuanzia 2008 hadi 2016 Sundhage alikuwa kwenye benchi la fainali tatu za Olimpiki mfululizo, na timu za nchi mbili.

Brazil, waliomkuta njiani 2008, 2011 na 2016 na kila mara kuumia, walimwita Julai 2019. Hakuna mgeni aliyewahi kukabidhiwa timu yao ya wanawake kabla yake. Walichotaka kilieleweka: vipaji wanavyo, nidhamu ya kukaba hawana. Kwa kipimo hicho aliwapa walichoagiza. Kwenye Copa América ya 2022, mashindano ya mataifa ya Amerika Kusini, huko Colombia walicheza mechi sita, wakafunga mabao 20 na hawakufungwa hata moja. Wapenzi wa soka wa Afrika huenda wanamkumbuka kwa mechi ya Olimpiki ya Tokyo dhidi ya Zambia, ambapo Zambia walicheza pungufu karibu mechi nzima na Brazil yake ikaambulia 1-0 ya faulo. Dalili ya ugonjwa ilikuwa imeshaonekana pale: mbele ya timu iliyojifungia, Brazil ilikosa ufunguo. Robo fainali ya Tokyo ikawa 0-0 na Kanada, wakatolewa kwa matuta.

Ugonjwa ukafika mwisho wake Melbourne, Kombe la Dunia la 2023. Brazil walihitaji kuifunga Jamaika. Jamaika wakafanya kile ambacho Uswidi walifanya Rio: mistari miwili, hakuna uwazi nyuma, mtu mmoja mbele. Mechi ikaisha 0-0, Brazil wakatoka hatua ya makundi kwa mara ya kwanza tangu 1995, na hiyo ikawa mechi ya mwisho ya Marta katika Kombe la Dunia. Mwishoni mwa Agosti Sundhage akafukuzwa. Wabrazili waliomlaumu walikuwa na hoja. Kocha anayejua kuliko wote mshambuliaji anakwama wapi alitakiwa ajue pia namna ya kumkwamua, na siku ile hakuonyesha.

Uswisi walimpa kazi Januari 2024 kwa lengo moja, Euro ya nyumbani mwaka 2025. Alipokea timu yenye vijana wengi, na hakuogopa kuwatumia Sydney Schertenleib, Iman Beney na Noemi Ivelj, wote wa miaka 18. Wakapoteza kwa Norwei, wakaifunga Iceland, na dhidi ya Ufini, wakihitaji sare, walikuwa nyuma 1-0 hadi dakika ya 92 ambapo Riola Xhemaili, aliyetokea benchi, alisawazisha. Uswisi haikuwahi kufika robo fainali ya Euro kabla ya hapo. Wakakutana na Hispania, mabingwa wa dunia, na kuwazuia hadi dakika ya 66 kabla ya kufungwa 2-0.

Mkataba wake haukuongezwa baada ya mashindano, na nafasi yake akapewa Mhispania Rafel Navarro. Uswisi wanataka sasa timu inayomiliki mpira zaidi, na vijana walio nao wanastahili kujaribiwa hivyo. Lakini vijana hao tayari wamecheza robo fainali wakiwa na miaka 18, na aliyewapeleka huko ni Sundhage.